Historia ya Lipu Katika Miji ya Mawe

Katika magofu ya Gedi, mji wa mawe uliomezwa na msitu kusini ya Malindi, liko kaburi moja lililopata sifa kuliko makaburi yote ya jirani yake kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa juu yake, mwaka 802 wa Hijra, ambao kwa hesabu ya Miladi ni 1399. Tarehe hiyo ilichorwa katika lipu ya chokaa, kitu ambacho watu wengi hukihesabu kuwa duni kuliko vyote vilivyomo katika ujenzi wa nyumba; na James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeanza kuyafukua magofu hayo mwaka 1948, alipata hapo msingi wa kukadiria umri wa majengo mengine ya mji. Dari za Gedi ziliporomoka, boriti zake zikaoza, milango yake ikatoweka, na mizizi ya miti ikapenya katika vyumba vya matajiri. Lakini mchoro mwembamba katika chokaa ulistahimili mvua za karne tano na zaidi.

Ajabu hiyo isitupotoshe tukadhani kwamba wazee wa pwani walipata siri ya kutengeneza lipu isiyoharibika, kwani lipu yao ilikuwa laini kuliko jiwe ililolifunika, na mvua ya masika ikiipiga mwaka baada ya mwaka ililika bila shaka. Fadhila yake ilikuwa katika jambo jingine: ilikubali kutengenezwa upya kila ilipochakaa, bila kuudhuru ukuta ulio nyuma yake. Mwenye kuifuata historia yake tangu Shanga hata Unguja ataona kwamba nyumba zetu za mawe zilisimama kadiri watu walivyoendelea kuzirudia kwa mwiko na chokaa, na zilianza kuanguka pale desturi hiyo ilipokatika, au pale ilipoingia dawa iliyokuwa kali kuliko ugonjwa.

Kabla ya chokaa palikuwa na udongo, na hata leo katika vijiji vingi udongo ndio lipu ya kwanza na ya mwisho. Nguzo husimamishwa, fito zikafungwa kwa kamba, na kiambaza kikakandikwa kwa udongo uliokanyagwa hata ukashikana, kazi ambayo majirani huifanya kwa ushirika na kuimaliza kwa chakula. Katika Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, ambako Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980, ilidhihirika kwamba watu wa karne ya 8 walisali katika misikiti ya miti na udongo, na kwamba ilipofika karne ya 10 walianza kuaka kwa matumbawe yaliyotolewa baharini, ambayo yakiwa mabichi huchongeka kwa urahisi na yakikauka huwa magumu. Hata hivyo mawe hayo yaliunganishwa kwanza kwa udongo. Chokaa ilikuja kushika nafasi yake baadaye, na ilipoishika ikabadili sura ya pwani yote, maana mji uliokuwa na rangi ya ardhi ukawa mweupe, hata ukaonekana kwa mabaharia kabla hawajatia nanga.

Yafaa tuitazame kazi ya kuchoma chokaa kwa karibu, kwani ndiyo mama wa yote yanayofuata. Magogo hupangwa chini kwa duara, safu juu ya safu, na katikati huachwa tundu la kutilia moto. Juu ya kuni hurundikwa matumbawe yaliyovunjwavunjwa, makubwa chini na madogo juu, hata tanuu likawa kama kichuguu kinachompita mtu kimo. Moto ukishika, huachwa ufanye kazi yake usiku na mchana, na kuni zinavyoteketea mawe hushuka taratibu, hata mwisho hubaki lundo jeupe lililochanganyika na majivu. Katika joto la kadiri ya nyuzi 900, jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyofungika ndani yake, nalo likabaki jepesi, lenye nyufa, na lenye kiu kali ya maji. Likinyunyiziwa maji, au likiachwa kwa umande na mvua, huchemka, hupasuka, na kuvunjika lenyewe likawa unga. Hapo husemwa kwamba chokaa imezimwa. Mafundi wenye subira waliifukia ardhini au waliiloweka miezi mingi kabla ya kuitumia, kwa kuwa chokaa iliyozimwa kwa haraka hubakiwa na punje zisizokolea maji, ambazo huja kufura ukutani na kuitoboa lipu baada ya kazi kwisha na fundi kwenda zake na ujira wake.

Chokaa iliyozimwa ikichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani huanza safari ya kurudi ilikotoka: maji yake hukauka polepole, nayo huivuta tena hewa ya ukaa iliyopotezwa tanuuni, hata siku kwa siku ikageuka jiwe upya. Ukuta uliokwisha kupakwa kwa hiyo huwa umefunikwa na jiwe la jinsi yake mwenyewe, lakini lenye vinyweleo vingi, vinavyopitisha unyevu. Maji ya mvua yakiingia hutoka. Unyevu wa ardhi ukipanda hupata njia ya kutokea. Na nyumba ikitikisika kidogo kwa uzito wa watu au kwa ardhi kuzama, lipu hujikunja pamoja nayo bila kupasuka vipande vipande.

Maarifa hayo yalifikia kimo cha fahari katika Kilwa. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye hunasibishwa na jumba la Husuni Kubwa lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari, likiwa na nyua, baraza na birika la kuogea lenye pembe nane. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipanuliwa katika zama hizohizo, ukapata kuba na matao, na kazi ya namna hiyo haiwezekani pasipo chokaa nzuri, kwa sababu kuba hushikwa na mshikamano wa mawe na chokaa yake, si na boriti. Kuta za Kilwa, za Songo Mnara na za Gedi zimehifadhi pia michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa katika lipu kwa ncha ya kisu au msumari, tanga, mlingoti na kamba; na kwa kuwa mbao za vyombo vile zilikwisha kuoza zamani, mchoro wa mtu ambaye labda alikuwa akipoteza wakati tu umekuwa miongoni mwa mashahidi wachache tulio nao juu ya marikebu za zama hizo. Katika Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, vilevile ukuta mmoja ulichorwa picha za meli na majengo, nao umetunzwa katika jumba la makumbusho lililomo humo.

Baada ya Kilwa kufifia, ustadi ulistawi kaskazini, katika Pate na Lamu, hasa katika karne ya 18, biashara ilipowapa waungwana nafasi ya kujenga nyumba za ghorofa na kuzipamba ndani kuliko nje. Mpita njia katika vichochoro vya Lamu huona ukuta mweupe usio na madirisha mengi, na daka, yaani ukumbi mdogo, penye mlango. Lakini akikaribishwa ndani, akapita uwanda, yaani ua wa ndani, na kuingia katika misana, vyumba vinavyoufuata, macho yake hukutana na vidaka, ambavyo wenyewe Waamu huviita zidaka, safu juu ya safu, kila kimoja kikiwa na upinde wake na nakshi yake, vyote vikiwa vimefanyizwa kwa lipu ya chokaa. Fundi aliipaka chokaa, akaipiga rula, akaichonga kwa kisu kabla haijakauka, kwa mkono ambao haukuruhusiwa kukosea mara mbili, maana lipu iliyoanza kushika haimpi fundi muhula mrefu. Vyumba vile vilikuwa vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, ambao kwa kawaida haupiti mita tatu. Na vidaka vile vilitoa kina mahali palipokosa upana, vikapokea mwanga hafifu wa uani, vikaweka sahani za Kichina, vitabu na marashi. Nyumba hizo ziliposhuka hali katika Pate, mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyataja mabaki yake katika Al-Inkishafi kuwa mawaidha kwa nafsi iliyoghurika na dunia. Na si bure kwamba vidaka vilikuwa miongoni mwa alivyovikumbuka.

Matumizi ya chokaa hayakuishia katika pambo. Mabirika ya misikiti na visima vya kuhifadhia maji ya mvua vilipakwa lipu ngumu yenye tabaka nyingi ili visivuje. Vyoo na mahali pa kuogea vilipakwa hivyohivyo. Sakafu za ghorofa na za paa zilifanywa kwa kumwaga chokaa na kokoto juu ya mawe yaliyolazwa kwenye boriti, kisha watu, na aghalabu wanawake, wakazipigilia kwa vijiti siku kadhaa mfululizo, kwa nyimbo na vifijo, hata zikashikana. Na kila mwaka, hasa Ramadhani ikikaribia, nyumba na misikiti ilipakwa chokaa ya maji, ambayo pamoja na weupe wake huua viini na kuvu kwa ukali wake, hufukuza wadudu, na huzidisha mwanga katika chumba chenye dirisha dogo. Hivyo katika tendo moja la kila mwaka zilikutana ibada, usafi na matengenezo, na mwenye nyumba alipata nafasi ya kuzikagua kuta zake pembe kwa pembe bila ya kuambiwa na mtu.

Unguja ilirithi maarifa hayo katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said, Sultani wa Omani, kuhamishia makao yake kisiwani, na majumba ya mawe yakaongezeka upesi kandokando ya Shangani na Forodhani. Mafundi walikuwa wa asili mbalimbali, Waswahili, Waarabu na Wahindi, lakini haki yatudai tuseme pia kwamba sehemu kubwa ya mawe, kuni na chokaa ilibebwa na watumwa, ambao hawakualikwa kukaa katika vyumba walivyovipaka. Mchanganyiko wa mafundi hao ulikuwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, katika kuta ambazo aghalabu zilikuwa na unene wa nusu mita au zaidi, kwa kuwa mawe yasiyochongwa yalihitaji unene ili yasimame. Ukuta wa namna hiyo si mwamba mmoja. Ni mawe madogo na udongo vilivyoshikwa pamoja na kufunikwa pande mbili. Lipu yake ikibanduka na kuachwa, mvua huanza kuosha kilicho ndani, na jiwe moja likitoka huwapa njia mengine.

Sasa ikaja saruji. Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds katika Uingereza, alipewa hataza ya saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824, nayo ikasafiri katika meli za dola hata bandari zetu. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza kuitoa mwaka 1954, na cha Wazo Hill katika Dar es Salaam mwaka 1966, na tangu hapo mfuko wa saruji umekuwa rahisi kupatikana kuliko pishi ya chokaa iliyozimwa vema. Hukauka kwa saa chache, haihitaji kufukiwa miezi, haimdai fundi maarifa ya kale, na ugumu wake humridhisha mwenye kulipa. Kwa nyumba ya matofali ya saruji yenyewe ni kitu kizuri, na hakuna haja ya kuitukana. Lakini ilipopakwa juu ya kuta za matumbawe na chokaa, ilileta madhara ambayo hayakuonekana mwaka wa kwanza wala wa pili.

Sababu yake ni hii. Matumbawe yana chumvi, na ardhi ya miji ya pwani ina chumvi, na unyevu unaopanda kutoka chini huibeba. Chini ya lipu ya chokaa unyevu hutoka nje, chumvi ikaganda juu ya uso, na lipu ikachakaa badala ya jiwe. Mwenye nyumba huikwangua, akapaka nyingine, na ukuta umesalimika. Chini ya saruji unyevu hunaswa. Chumvi huganda nyuma ya lipu, ikaisukuma, hata siku moja bamba zima likabanduka pamoja na uso wa jiwe. Saruji nayo ikipata nyufa nyembamba, kama ilivyo kawaida yake juu ya ukuta unaotikisika, huingiza maji ya mvua na kuyazuia yasitoke. Na maji yakikaa ndani hufika kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, zikaoza gizani, ilhali ukuta wa nje unaonekana mzima na umepakwa rangi ya mafuta inayong'aa, ambayo nayo huziba vinyweleo vilivyosalia. Sakafu inapoanguka, watu hulaumu ukongwe wa boriti.

Zanzibar iliingia katika balaa hiyo ikiwa na udhaifu mwingine. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na Serikali, zikagawanywa vyumba kwa vyumba kwa familia nyingi zilizohitaji makao. Na haja yao ilikuwa ya kweli, lakini nyumba yenye wakaaji kumi na bila ya msimamizi hakuna anayeipaka chokaa. Mifereji ya paa ilivunjika, mabomba ya vyoo vipya yakavuja ndani ya kuta, na lipu iliyobanduka ikabaki imebanduka. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe; katika miaka ya 1990 jengo la Zahanati ya Kale, lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan na kujaa nakshi za lipu, lilitengenezwa upya; mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Pamoja na hayo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati mafundi wakiwa katika kazi ya kulitengeneza, na watu wawili wakafariki. Msiba huo ulibainisha kwamba habari ya kuta si habari ya uzuri tu. Ni habari ya uhai.

Kwa hiyo haitoshi kusifu ya kale, inapasa kujua namna ya kuyatengeneza. Fundi mwenye maarifa huanza kwa kutafuta maji yanatoka wapi, kwani lipu mpya juu ya mfereji uliovunjika ni fedha iliyotupwa. Kisha hugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, hatua kwa hatua. Palipo pazima hujibu kwa sauti nzito, na palipoachana na jiwe hujibu kwa sauti ya utupu, nako hutiwa alama kwa mkaa. Lipu iliyokufa huondolewa kwa kulowanishwa kwanza, ili vumbi lisiwaingie watu vifuani, na haja ya kulowanisha huzidi pale penye rangi za kale za mafuta, ambazo nyingine zilikuwa na risasi ndani yake, sumu inayowadhuru watoto kuliko wote. Mashimo hutomewa kwa vijiwe na chokaa, jiwe hulowanishwa, kisha hupakwa tabaka la kwanza la sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, lisilozidi unene wa kidole. Na mchanga uwe wa shimo au wa mto, usiwe wa ufukweni, ambao huleta chumvi ileile tunayoikimbia. Tabaka hilo huachwa lishike kabla ya la pili, hukingwa na jua kali, na hunyunyiziwa maji siku kadhaa. Chokaa ya maji huja mwisho, nyembamba, mara nyingi, badala ya nzito mara moja.

Kazi hiyo ina hatari zake, na mafundi wa zamani wengi walizilipa kwa macho yao. Chokaa isiyozimwa hutiwa majini kidogo kidogo, katika chombo kilicho wazi, wala maji hayamwagwi juu ya lundo lake kwa ghafula, kwani huchemka na kuruka. Hata iliyozimwa huunguza ngozi na kuchoma jicho. Mwenye kuipata jichoni na aoshe kwa maji safi mengi papo hapo, kisha afike kwa tabibu. Mikono ifunikwe, macho yakingwe, watoto wawekwe mbali na shimo la chokaa. Na penye dari iliyofura au ukuta uliotoa tumbo, hapana fundi wa lipu anayepaswa kuanza kabla ya boriti kuchunguzwa na mihimili ya kushikilia kuwekwa.

Liko pia deni la bahari na la misitu. Chokaa ya zamani ilikula matumbawe hai na kuni nyingi za mikoko, na matumbawe na mikoko ndivyo vinavyoulinda ufuo na kuwalisha samaki. Haiwezekani kuirudisha desturi ile kama ilivyokuwa. Lakini mawe ya chokaa ya nchi kavu yapo, na matanuri yanayotumia moto kwa uangalifu yanaweza kujengwa, na mahitaji ya matengenezo ni machache kuliko mahitaji ya miji mipya. Kinachopungua zaidi kuliko mawe ni mafundi, kwa sababu kijana hajifunzi kazi isiyokuwa na mteja.

Katika jambo hili wazee walikuwa na hekima iliyo katika sheria kuliko katika mwiko. Nyumba nyingi za Unguja, Lamu na Mombasa zilifanywa wakfu, kwa ajili ya msikiti, maskini au kizazi cha mwenyewe, na wanazuoni waliafikiana kwamba pato la wakfu hutumika kwanza kuitengeneza mali yenyewe, hata kama mtoaji hakusema, na ndipo wanaostahiki wakapewa haki yao. Kanuni hiyo haikuuachia ukuta hisani ya mtu, iliufanya kuwa mdai wa kwanza. Serikali inayopokea kodi ya nyumba za kale, tajiri anayezigeuza hoteli, na mrithi anayezipangisha vyumba, kila mmoja wao angeifuata kanuni hiyo kwa sehemu ndogo tu ya pato la mwaka, ikatengwa kabla ya faida kugawanywa, fundi wa chokaa angepata kazi ya kila msimu, kijana angepata sababu ya kukaa chini ya mkono wake, na gharama ingekuwa ya ndoo chache za chokaa kila mwaka mahali pa kujenga upya nyumba nzima baada ya watu kufukiwa ndani yake.